Sufuria Mpya ya Chiriku

Sufuria ya kwanza mama aliikataa kwa sababu ilikuwa na alama ya kidole. Nilimwambia kila kitu dukani hushikwa, muuza vyombo hana mteja asiye na vidole, lakini yeye aliigeuza, akaichungulia ndani, akainusa, akairudisha mezani.

"Aliyeishika hii alikuwa amekula nini?" akauliza.

Muuza vyombo alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi sikucheka, maana nilimjua mama na nilijua hatanii hata kidogo. Muuzaji akashusha nyingine kutoka rafu ya juu kabisa, bado imefungwa kwa karatasi, na hiyo ndiyo tuliyoinunua. Njiani mama aliikumbatia kifuani mwenyewe. Nikimwambia anipe nimsaidie, anasogea pembeni.

Tulinunua moja tu. Tangu juma lianze mama hakuwa ameoka keki hata moja, na kwetu keki zisipotoka, pesa nazo haziingii. Kwa hiyo chakula kilikuwa lazima kiwe cha sufuria moja na kiwe cha bei ya watu kama sisi. Niliamua tupike tambi, na kila kitu kiingie humo humo: vitunguu, nyanya, karoti, njegere, mwishoni mchicha, na maji ya kiasi ambayo hayamwagwi, yanabaki kuwa mchuzi. Mama alinuna. Kwake tambi zisizochujwa ni uji wa wavivu. Nikamwambia, "Mama, tuna sufuria moja mpya na hatuna chujio jipya. Sasa wewe unataka kuchujia kwenye kanga?" Hakuridhika.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya Chiriku, binti wa kaka yangu. Jina hilo nilimpa mimi shangazi yake, kwa sababu tangu alipojua kusema hajapumzika. Mtoto huyo mwili wake unakataa maziwa. Sisemi tumbo linamsokota kidogo kisha anacheza, la. Midomo inavimba, koo linafunga, pumzi inakata. Mayai ni hivyo hivyo, na samaki, na daktari alisema hata nyama ikae mbali naye mpaka atakapopimwa upya. Amebakiwa na kile kinachoota ardhini. Na bibi yake mzaa baba ni mwokaji keki, mtu ambaye ameishi na siagi na mayai tangu mimi nikiwa tumboni. Shida yetu yote iko hapo.

Mwaka jana Chiriku alikuwa akishinda kwetu. Mama alikuwa ameambiwa, tena kwa kurudiwa, kuhusu maziwa. Lakini akamwona mtoto mwembamba, roho ikamuuma, akamtilia maziwa kidogo kwenye uji. Alidhani ni mambo ya watu wa siku hizi. Mtoto alipoanza kukoroma, wakakimbizwa hospitali, na kule daktari akawa anauliza amekula nini, amekula nini, na mama anajibu uji mtupu, uji mtupu. Alikuja kusema ukweli baadaye sana, Chiriku akiwa na mpira puani. Wifi yangu hakumpigia kelele. Alimtazama tu, akamfunika mtoto shuka, na toka siku ile Chiriku hakukanyaga tena nyumbani kwetu.

Sasa wifi alikuwa amepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, kazi ya zamu. Kaka ni fundi majokofu, kutwa yuko kwenye nyumba za watu. Mtoto lazima abaki na mtu. Kulikuwa na bibi wawili: mama yangu, ambaye anakaa mitaa miwili kutoka kwao, na mama yake wifi, ambaye kumfikia ni safari ya basi ya kutwa nzima. Kaka alimwombea mama mpaka mdomo ukamkauka. Mwishowe wifi akasema, "Haya, Jumamosi tutakuja. Chiriku atakula kwa bibi yake chakula cha jioni, tuone."

Hilo "tuone" mama alilala nalo na kuamka nalo.

Alisugua jiko kana kwamba anataka kulihamisha. Meza ya kukandia aliimwagia maji ya moto, akaikwangua kwa kisu. Vifaa vya keki, yaani mabakuli, matrei, mizani, brashi za kupakia mafuta, tulivitia kwenye gunia, nikalivuta chumbani kwangu na kulisukuma chini ya kitanda. Mapazia aliyavua akayafua. Chai ya maziwa, ambayo bila hiyo mama hawezi hata kusalimiana na watu, aliiacha. Asubuhi ya Jumamosi alikunywa ya rangi huku amekunja uso kama aliyepewa dawa.

"Inaonekana tamu," nikamchokoza.

"Nyamaza ule," akasema.

Dukani kwa mwenye nafaka mimi ndiye niliyesoma maandishi ya pakiti za tambi, moja moja. Nyingine zina mayai, watu hawajui. Nilipata za ngano na maji basi, tena ndizo zilizokuwa rahisi kuliko zote, nikamwonyesha mama na akanitaka nisome tena. Mafuta ya alizeti tulinunua chupa ambayo haijafunguliwa. Kisu kipya, kijiko kipya cha bati cha kukorogea. Ubao wa kukatia hatukuwa nao mpya, basi vitunguu nikavikatia kiganjani, na kidole kikapata habari yake. Mama alinisimamia mgongoni akitoa amri. Mimi nikamsimamia yeye. Akigusa mlango wa kabati, namwambia anawe. Tulizozana mchana kutwa kwa namna hiyo, na sikumbuki siku nyingine tuliyopendana kama ile.

Jua lilipoanza kupoa nikawasha jiko. Vitunguu vikalainika, nyanya zikavunjika, chumvi, kitunguu saumu, karoti, njegere. Nikavunja tambi katikati, nikazizamisha, nikaongeza maji. Mama akasogeza pua.

"Inanukia," akasema, kwa mshangao ambao ulinikera.

"Ulidhani nitapika sabuni?"

Ila chakula cha namna hii kina tabia moja: ukikiacha kidogo kinashika chini. Tambi zikinywa maji zinalala kwenye kitako cha sufuria na kuungua. Lazima mtu asimame pale, akoroge, akoroge tena. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na kijiko cha bati kilikuwa mkononi mwangu wakati mlango ulipogongwa.

Niliweka kijiko kwenye sahani, nikaenda kufungua. Chiriku aliingia akiwa tayari katikati ya hadithi, kuhusu paka wa jirani yao na soksi ya baba, na mimi nilimbeba nikamzungusha. Wifi alikuwa nyuma yake na mfuko begani. Nilijua kilichomo: kopo la viazi vya kuchemsha, ikibidi. Na sindano ya dawa, ikibidi.

"Wifi, mbona umependeza hivyo," nikamwambia. "Kiwanda kimeshaanza kukulipa kabla hujaingia?"

"Acha uchokozi wako," akasema, lakini alitabasamu, na nilishukuru kuliona tabasamu lile. Kaka alivua viatu. Aliniangalia kama anayeuliza, nami nikamwashiria kwamba mambo yanakwenda. Nikawakalisha, nikawapa maji, nikasikiliza mwisho wa habari za soksi. Kisha nikarudi jikoni.

Mama alikuwa anakoroga. Alikuwa amekunja mikono ya gauni, ametulia, anaimba kwa pua kama anavyofanya akiwa kazini, na mkononi alishika mwiko.

Mwiko ule ni wa mbao. Hukaa kwenye msumari nyuma ya mlango wa jiko, na umekaa pale miaka mingi hata macho yetu yalikuwa yameacha kuuona. Ndio anaochapia siagi na sukari. Mashine ya kuchapia hataki kuisikia, wateja wake wanajua keki zake zinachapwa kwa mkono. Na mwiko huo hauoshwi kwa sabuni. Akimaliza kazi anaufuta kwa kitambaa, kisha anaupaka siagi ili mbao zisipasuke. Kila siku, tangu utoto wangu. Ukiuacha juani unatoa jasho la mafuta.

"Mama," nikasema.

"Zilikuwa zinashika. Umeenda kupiga soga na chakula kinaungua."

"Mama, tazama mkononi."

Akatazama. Aliutazama mwiko kwa muda, kama mtu anayesoma jina lake mahali asipotarajia. Halafu akautoa kwenye sufuria polepole, mchuzi ukidondoka, na hakujua auweke wapi. Sebuleni Chiriku alicheka kwa sauti. Nikamsogezea mama kigoda, hakukaa.

"Nimekorogea mara ngapi?" akaniuliza mimi, mimi ambaye sikuwepo.

"Sijui."

"Moto hauwezi kuua siagi?"

Niliwahi kumsikia daktari akilijibu swali hilo. "Hauui," nikasema.

Hasira zilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Nilimkasirikia yeye, nikaukasirikia msumari, nikajikasirikia mimi niliyeweka kijiko chini. Kisha akili ikanijia haraka, ile akili yangu ya kutoka kwenye matatizo. Nikamnong'oneza, "Sikiliza. Tunamwaga. Tunasema imeungua. Nitasema ni mimi, nilikuwa naongea nikasahau, kila mtu anajua nina mdomo. Chiriku atakula viazi vyake, hakuna atakayedhurika. Jumamosi ijayo tunapika tena."

Na kwa kweli hakuna ambaye angedhurika. Mpaka leo nasema hivyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Niliona jinsi alivyolitaka jambo lile, macho yake yalisema ndiyo. Sufuria ilikuwa inatokota, tambi zimeshaiva, nzuri, nyekundu, hazikuwa uji hata kidogo.

"Kule hospitali nilisema uji mtupu," akasema.

Akazima jiko. Akachukua vitambaa viwili, akaishika sufuria masikioni, mwiko akauweka juu yake, na kabla sijamzuia alikuwa ameshatoka.

Nilimfuata. Sebuleni waliinua nyuso, Chiriku akapiga makofi, "Bibi, sufuria yangu hiyo? Shangazi alisema ni yangu." Mama aliiweka mezani, mbali naye, akarudi hatua nyuma.

"Msile," akasema. "Mkamwana, msimpe mtoto. Nimekorogea mwiko wa siagi."

Kaka alifumba macho. Wifi aliinuka, akamvuta Chiriku upande wake, akamtazama midomo, vidole, midomo tena.

"Ameonja?"

"Hajaonja. Haijamgusa."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika. Sufuria mpya, kila kitu kipya, na mimi nikaharibu kwa mkono wangu. Huyu alinisimamia siku nzima, si kosa lake. Alitoka kuwafungulia. Sina la kujitetea."

Kama kawaida yangu nikajaribu kusema kitu kuhusu vijiko, kaka akaniambia, "Dada, hebu." Nikaufunga mdomo.

Wifi aliketi. Alimpakata Chiriku, akafungua mfuko, akatoa kopo la viazi, akampa kimoja. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Mama, ile siku. Daktari alikuwa anataka neno moja tu kutoka kwako. Mimi nilikuwa pale, nakuangalia mdomo."

"Najua."

"Maziwa nilishasamehe. Kila mtu anakosea. Lakini ule mdomo uliofungwa, nimeuota mwaka mzima."

Mama alikuwa analia bila sauti. Wifi naye akafuta uso kwa mkono, kwa hasira, kama anayefuta nzi.

"Sasa leo umesema," akaendelea. "Hakuna aliyekuona, na umesema. Basi. Atakaa kwako. Vijiko tutanunua, sufuria tutanunua, mwiko huo utauficha. Jumatatu nitamleta."

Nilitaka kupiga kigelegele. Kaka aliachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu mwaka jana. Hata Chiriku alielewa, maana alianza kuuliza kama godoro lake la zamani bado lipo na kama lina kunguni.

"Hapana," mama akasema.

Tulidhani anamjibu mtoto kuhusu kunguni.

"Hapana, mwanangu. Mpeleke kwa mama yako."

"Mama!" nikapiga kelele. Sikuweza kujizuia. "Umechizi? Si ndicho ulichokuwa unakililia? Umefua mapazia, umekunywa chai ya rangi, umemtesa muuza vyombo wa watu, leo umepewa unakataa?"

"Ndicho nilichokitaka," akasema. "Nakitaka mpaka sasa hivi ninavyoongea." Aligeuka kwa wifi, sauti imeshuka. "Lakini sikiliza. Leo nilikuwa macho. Sijawahi kuwa macho namna hii maishani mwangu. Nilikuwa na mlinzi mgongoni. Na mkono ukaenda wenyewe ukautwaa ule mwiko, nami naimba. Sikuusikia. Sasa niambie siku ya kawaida itakuwaje. Niko peke yangu, huyu ametoka, mteja anagonga anataka keki ya harusi, mtoto anasema ana njaa. Nitasema nakumbuka. Nitaapa. Na mkono utakwenda."

"Utaacha keki," kaka akasema. Ndilo neno lake la kwanza la maana jioni ile. "Mama, acha keki. Mimi nitaongeza kazi."

"Hayo majokofu yako yanalisha nyumba moja kwa taabu. Na hata nikiacha, baba. Keki nitaacha. Mkono nao utaacha lini?"

Nilitafuta hoja, mimi ambaye sikosi hoja hata kwenye foleni ya maji, nikakosa.

"Kwa mama ni mbali sana," wifi akasema, na sasa ni yeye aliyekuwa anabembeleza. "Utamwona mara ngapi kwa mwaka?"

"Huko kuna basi. Nitapanda, nitamwona."

Alisema hivyo tu. Lakini wifi alimkumbatia Chiriku kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba kiazi kinapondeka.

Kaka alichukua sahani akajipakulia tambi, nadhani ili kitu fulani kifanyike. Alikula zote, akaongeza, akasema ni tamu. Zilikuwa tamu kweli, nami nilizionja, na utamu wake uliniudhi. Wifi alinisaidia kukusanya vikombe. Jikoni alinishika mkono akasema nisimwache mama peke yake siku hizi mbili tatu, nikamwambia nitamwacha niende wapi. Chiriku alielezwa kwamba atakwenda kukaa kwa bibi wa mbali, ambako kuna mbuzi, na habari za mbuzi zikamaliza majonzi yake yote kwa wakati ule.

Walipovaa viatu, mama alikuwa amesimama mwisho wa sebule, mikono ameiweka nyuma. Chiriku aliniaga, akanipa na busu la mate, kisha akaenda kwa bibi yake akanyoosha mikono.

"Nibebe."

Mama hakutoa mikono mgongoni.

"Bibi, nibebe basi. Nakwenda mbali."

"Mbebe, mama," wifi akasema. "Mbebe, haina neno."

"Ngoja ninawe," mama akasema. "Ngoja kidogo, mama yangu, bibi ananawa anakuja."

Akaingia jikoni, tukasikia bomba likifunguliwa. Tulisubiri. Kaka alisimama na mfuko begani, wifi akafunga kamba za viatu vya Chiriku ambazo zilikuwa zimeshafungwa. Maji yaliendelea kumwagika. Mwisho nikaenda kuchungulia. Mama alikuwa amejipaka sabuni mpaka viwikoni, anasugua kati ya vidole kwa brashi ya kufulia, ngozi imekuwa nyekundu. Alisuuza, akaleta viganja puani, akachukua sabuni upya.

"Mama, inatosha. Wanakusubiri."

"Bado," akasema, bila kugeuka. "Bado nasikia harufu."